Betri Nne na Kiingereza cha Biashara

Leo nina neno kwa watu wa aina mbili: walimu wanaofundisha Kiingereza cha biashara katika madarasa ya jioni, na wanafunzi wao, ambao wengi ni watu wazima waliofunga duka, wakatia kitu tumboni, kisha wakaja kukaa kwenye dawati walilolikimbia zamani. Ninyi wengine mliobaki hamkatazwi kusikiliza.

Nianze na lawama. Ukichungulia katika madarasa hayo, mara nyingi utakuta ubao umegawanywa kwa mstari katikati. Kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili: faida, hasara, mtaji, riba, ankara, msambazaji. Wanafunzi wananakili, mwalimu anafuta, orodha nyingine inapanda. Baada ya miezi kadhaa mama muuza vitenge anajua kuanza barua kwa "Dear Sir" na kuifunga kwa "Yours faithfully". Lakini mgeni akisimama mbele ya meza yake akauliza kwa nini kitenge hiki ni ghali kuliko kile, mama hana la kujibu ila kuitaja bei tena, safari hii kwa sauti kubwa zaidi. Maneno kayajaza daftarini. Hajawahi kupewa sababu ya kuyatumia.

Pendekezo langu ni hili. Chukua kampuni moja ya kweli na bidhaa zake mbili tatu. Wapitishe wanafunzi katika maisha ya bidhaa hizo, tangu mtu alipozifikiria mpaka mteja alipokuja juu kudai haki yake, na Kiingereza ukifundishe humo humo. Kampuni ninayoipendekeza itawakera baadhi ya wazee wangu, kwa sababu ni ya gemu: Nintendo, ya mjini Kyoto, Japani.

Nasikia mtu anaguna. Tumelipa ada tujifunze biashara, wewe unatuletea Mario? Ndiyo, huyo huyo Mario, ambaye vijana wengi wa kwetu walimjua kupitia mashine za bei rahisi za kuchomeka kwenye televisheni, nyingi zikiwa nakala ambazo Nintendo yenyewe haikuzitengeneza wala kupata senti. Hilo nalo ni somo la biashara, ila tuliache kwa leo.

Nintendo haikuanza na gemu za umeme. Mwaka 1889, Fusajiro Yamauchi alifungua biashara ya kutengeneza karata za Kijapani ziitwazo hanafuda, zenye maua pahali ambapo sisi tumezoea kuona kopa, uru na shupaza. Karata ziliilisha kampuni hiyo kwa miongo mingi. Kufika miaka ya 1960 soko la karata lilidorora, na kampuni ikaanza kupapasa huku na huko: ikajaribu teksi, ikajaribu kuuza wali wa kumwagia maji moto. Haikufika mbali.

Mwaka 1965 ikamwajiri fundi kijana, Gunpei Yokoi, kazi yake kuangalia mashine za karata zisiharibike. Mashine hazikuharibika mara kwa mara, na kijana akawa na muda. Katika muda huo akajitengenezea mkono wa vipande vinavyokunjana na kukunjuka, wa kudakia vitu vilivyo mbali. Mkuu wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, kitukuu cha mwanzilishi, akauona. Akamwita. Kijana akajua kibarua kimeota nyasi. Kumbe mzee alitaka kitu kile kigeuzwe bidhaa kabla ya Krismasi. Kikaingia sokoni mwaka 1966 kwa jina la Ultra Hand, na kikauzwa zaidi ya milioni moja.

Sasa, mwalimu, tazama kisa hicho kinahitaji Kiingereza gani. Yokoi alifanya kazi kiwandani, alitengeneza kitu, bosi alikiona, kampuni ilikiuza, watu walikinunua. Ni wakati uliopita tu, mwanzo hadi mwisho. Na vile vitenzi vikorofi visivyofuata kanuni, ambavyo tumezoea kuwakaririsha watu kama sala, vinajileta vyenyewe: "made", "saw", "sold", "bought". Hakuna biashara duniani isiyokuwa na kuuza na kununua, kwa hiyo havikwepeki. Halafu uliza swali moja: ungekuwa wewe ndiye bosi, ungemfanya nini mfanyakazi unayemlipa mshahara halafu unamkuta anachezea vikorokoro? Darasa litagawanyika. Wenye maduka watasema afukuzwe, walioajiriwa watamtetea. Waache wagombane kwa Kiingereza chao kinachochechemea, na wewe usisahihishe kila neno. Mtu anayebishana hana muda wa kuona haya, na haya ndiyo inayowafunga mdomo watu wazima kuliko sarufi.

Twende kwenye bidhaa yenyewe. Mwaka 1980 Yokoi alitoa mchezo mdogo wa mfukoni, Game & Watch. Kwa masimulizi yake, wazo lilimjia ndani ya treni alipomwona abiria anapoteza muda kwa kubonyeza kikokotoo. Vioo vya vikokotoo wakati ule vilikuwa vimezagaa na bei yake imeshuka. Yeye akavichukua akavitia mchezo. Baadaye aliipa namna hii ya kufikiri jina lake: kuitumia teknolojia iliyonyauka kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Iliyonyauka, maana yake iliyozoeleka, ambayo kila fundi anajua kuitengeneza, bei yake rahisi na matatizo yake yameshajulikana.

Mwaka 1989 namna hiyo ya kufikiri ikazaa Game Boy. Mwaka huo huo kampuni ya Atari ilitoa mashine yake ya mkononi, Lynx, na mwaka uliofuata kampuni ya Sega ikatoa Game Gear huko Japani. Hizo mbili zilikuwa na rangi na mwanga ndani ya kioo. Game Boy haikuwa na rangi wala mwanga. Kioo chake kilikuwa na ukijani wa maji ya bwawa, na ukiwa gizani huoni kitu. Ukiziweka mezani pamoja, mtoto yeyote angeelekeza kidole kwenye zile za rangi. Lakini Game Boy ilitumia betri nne, nazo zikadumu zaidi ya saa kumi. Wapinzani wake walitaka betri sita, na baada ya saa tatu, nne, tano hivi, unarudi dukani kununua nyingine. Marekani, Game Boy ilianza kuuzwa kwa dola 90 hivi, Game Gear dola 150, Lynx dola 180. Matokeo yake ni kwamba Game Boy, pamoja na ndugu yake wa rangi aliyekuja baadaye, iliuzwa zaidi ya milioni 118. Wale wengine hawakukaribia.

Hapa ndipo mwalimu asiwe na haraka. Somo zima la kulinganisha liko kwenye meza hiyo: ndogo kuliko, rahisi kuliko, nzuri kuliko, inadumu kuliko. Kiswahili chetu kina "kuliko" moja inayotosha kila mahali, na ndiyo maana wanafunzi wetu husema "big than" au, wakijitahidi kupita kiasi, "more cheaper". Ukiwaandikia kanuni ubaoni wataelewa leo na kusahau kesho. Afadhali uligawe darasa. Upande mmoja wawe wauzaji wa Lynx, mwingine wauzaji wa Game Boy, na katikati umweke mteja mmoja mgumu. Chagua yule mama wa vitenge, maana anajua mbinu zote za mnunuzi. Kila muuzaji anaruhusiwa sentensi tatu. "Our game is cheaper." "The batteries last longer." Wa upande wa pili atajibu kwamba yake ina rangi. Na mteja atauliza swali ambalo wateja wote wa dunia huuliza: kwa nini? Hapo litahitajika "because", na litatumika mara nyingi sana kabla kipindi hakijaisha.

Usishangae Lynx ikishinda darasani. Ikishinda, waulize imekuwaje dukani ikashindwa. Watajibu: darasani hakuna anayelipia betri.

Nimeichagua kampuni hii hasa kwa ajili ya Yokoi. Kiingereza cha mwanzo, kile cha maneno mia chache ambayo mtu mzima anaweza kuyashika katika muhula mmoja, ndiyo teknolojia iliyonyauka. Nunua, uza, lipa, leta, rudisha, rahisi, imara, kwa sababu, lakini, kama. Ni maneno makongwe, hayavunjiki ovyo, na kila mtu upande wa pili wa meza anayaelewa, awe Mchina, Mturuki au Mhindi ambaye naye Kiingereza alikikuta ukubwani. Tatizo la madarasa yetu ni kuyaonea aibu maneno hayo. Wiki ya nne tu mwanafunzi ameshapewa "leverage" na "synergy", kioo cha rangi kinachomaliza betri kabla ya adhuhuri. Mfanyabiashara anayeweza kusema, "It is old, but it is strong, so the price is good," ameshauza. Aliyemeza istilahi za mkutano wa bodi bado anatafuta kitenzi.

Na kuna sentensi ndogo iliyowahi kufungua soko la nchi nzima. Mwaka 1983 soko la gemu za nyumbani Marekani liliporomoka. Maduka yalibaki na shehena za kaseti za gemu zisizonunulika, zikauzwa kwa bei ya kutupa, na wenye maduka wakaapa kutogusa tena bidhaa hiyo. Nintendo ilikuwa na mashine yake mpya, Famicom, iliyotoka Japani mwaka huo huo na kufanya vizuri. Ingeingiaje Marekani? Tawi lake la huko liliongozwa na Minoru Arakawa, mkwe wa Yamauchi. Waliibadilisha mashine sura na jina, ikaitwa Nintendo Entertainment System, kwa sababu neno gemu lilikuwa nuksi. Wakatia ndani ya boksi roboti mdogo wa plastiki ili wenye maduka waone ni mwanasesere. Kisha, mwaka 1985, wakaingia mjini New York duka kwa duka, wakisema: tutaleta mzigo, tutapanga wenyewe, utalipia ulichouza, na usichouza tutakirudisha.

Msikilizaji wa Kariakoo hapo ameshacheka, kwa sababu hiyo ni mali kauli. Anaifanya kila siku. Anamjua anayempa na anayepewa, anajua siku ya kurudisha hesabu, anajua pia wale wa kuzima simu siku hiyo ikifika. Kitu asichokijua ni kuisema kwa mgeni. Kwa hiyo anachofundishwa hapa ni kiungo kimoja tu cha lugha: "If you sell it, you pay. If you do not sell it, we take it back." Kile ambacho Kiswahili hufanya kwa "ki" ndani ya kitenzi, "ukiuza, utalipa", Kiingereza hukitanguliza kwa neno zima mwanzoni mwa sentensi. Mwanafunzi ataushika mchezo huo kwa kipindi kimoja kwa sababu biashara yenyewe iko kichwani mwake tayari.

Na tukubaliane, walimu wenzangu: katika darasa la namna hii wanafunzi wanatuzidi. Wengi wetu hatujawahi kuuza hata maandazi. Tumetoka chuoni na cheti, tunasimama mbele ya mtu aliyeendesha duka kupitia kupanda kwa dola, moto na mafuriko, halafu tunamsomesha sentensi ya paka kukaa juu ya mkeka. Anavumilia kwa heshima. Miezi miwili baadaye haonekani, tunasema watu wazima hawana nidhamu ya kusoma. Kuwa na Kiingereza kidogo si kuwa na akili kidogo. Mpe jambo la kufikiria lenye uzito wake, lugha iwe nyepesi.

Swali ambalo nalitarajia ni kwa nini twende mpaka Kyoto wakati M-Pesa iko mfukoni, tena ni ubunifu ulioanzia Kenya mwaka 2007 na dunia nzima ikaja kuuangalia. Naafiki, ila nataka ije baadaye. M-Pesa ukiileta siku ya kwanza, watu wataijadili kwa Kiswahili, na kwa hasira, hasa likifika suala la makato. Jambo la mbali humlazimisha mtu asimulie, kwa kuwa mwenzake halijui. Wakishamaliza kumsimulia Yokoi, wataisimulia M-Pesa kwa viungo vile vile: nani aliifikiria, ilitatua shida gani, ilikuwa rahisi kuliko nini. Kisha kila mmoja alete bidhaa yake.

Wajapani wenyewe, nao, Kiingereza kinawatoa jasho. Mwaka 2006 Nintendo iliuza nchini mwao programu ya kujifunzia Kiingereza kwenye mashine yake iitwayo DS, na jina lake lilisema wazi kwamba ni ya watu wazima ambao Kiingereza kinawashinda. Walinunua watu wazima, na hawakuona haya. Wasimulie wanafunzi wako hilo siku ambayo darasa limenywea.

Bidhaa iliyofeli nayo ina kazi. Yokoi yule yule, mwaka 1995, alitoa Virtual Boy, kitu cha kuchungulia ndani kama darubini, chenye picha nyekundu juu ya weusi. Watu walilalamikia macho na vichwa kuuma, na haikumaliza mwaka mmoja sokoni. Dakika kumi zinaitosha: waandike malalamiko matatu ya mteja, basi.

Somo ninalolipenda kuliko yote linatoka mwaka 2011. Mapema mwaka huo Nintendo ilitoa 3DS, mashine ya mkononi inayoonyesha picha zenye kina bila miwani. Japani iliuzwa yeni 25,000. Haikutoka kama walivyotegemea, na mwezi Agosti, chini ya miezi sita tangu izinduliwe, bei ikashushwa mpaka yeni 15,000. Marekani ilitoka dola 250 ikawa 170. Wanunuzi wapya walifurahi. Je, yule aliyenunua mwezi Juni, kwa bei kamili, kwa sababu anaipenda kampuni? Kila muuza duka anamjua mteja huyu. Ndiye anayerudi na risiti mkononi.

Rais wa kampuni wakati huo alikuwa Satoru Iwata, mtu aliyeanza kama mwandishi wa programu za gemu. Aliwaandikia wateja hao moja kwa moja kuwaomba radhi. Waliokuwa wameshanunua wakapewa gemu 20 za bure. Na Iwata akakata mshahara wake kwa nusu. Sijui ni wakuu wangapi wa kampuni za kwetu wangefanya hilo la mwisho, na sina haja ya kukisia.

Waambie wanafunzi waiandike barua hiyo wao. Wanachoruhusiwa ni sentensi sita na maneno wanayoyajua. Mambo mawili yatajitokeza. La kwanza ni tarakimu. "Fifteen" na "fifty" masikioni mwetu ni mapacha, na anayekosea hapo atakuwa ametangaza kwamba bei imepanda kutoka yeni elfu ishirini na tano hadi elfu hamsini. Wafanye mazoezi ya kutamka mpaka mtu wa nyuma kabisa aweze kuandika bei sahihi kwa kusikia tu. Sokoni hilo lina thamani kubwa kuliko kurasa kumi za msamiati. La pili ni salamu. Sisi barua yetu huuliza kwanza hali ya mtu, ya nyumbani, ya watoto, na baada ya salamu ndipo neno lenyewe linatoka, tena kwa kuzungukazunguka. Kwetu huo ni uungwana. Lakini Mwingereza au Mmarekani mwenye risiti mkononi atasoma mstari wa kwanza na wa pili, asione neno la radhi, na ataamua kwamba unamkwepa. Usiwaambie wanafunzi kwamba adabu yao ni mbaya. Waambie barua hii inakwenda kwa mtu wa adabu nyingine, ambaye kwake radhi hutangulia, sababu hufuata, kisha kile utakachompa.

Walimu wa jioni, ijaribuni barua hii wiki hii. Hamhitaji kununua mashine ya gemu wala umeme wa uhakika. Chaki inatosha, na kisa mmeshakisikia. Mwanafunzi akiandika "We are sorry" kwenye mstari wa kwanza, akataja bei zote mbili bila kukosea, akaeleza kwa nini zimebadilika na mteja atapata nini, mpeni alama zake zote, hata kama ile "s" ya mwisho wa kitenzi ameisahau. Ninyi wanafunzi, barua yenu ikisharudishwa, msiitupe. Badilisheni jina la kampuni, wekeni la duka lenu, na muitunze karibu na kitabu cha risiti.